Ardhi ya Jamii Isiyo na Daftari

Mhadhara uliotolewa kwa wakazi wa Hai Mauna, Juba



Nimeombwa nizungumze juu ya jamii zinazohifadhi ardhi yao zenyewe, na juu ya chombo kinachoitwa amana ya ardhi. Maana yake naisema mapema ili tusipotezane njiani. Amana ya ardhi ni chombo cha kisheria kinachokabidhiwa ardhi ya watu wengi kwa masharti yaliyoandikwa, ili ardhi hiyo isiuzwe, isimegwe wala isiwekwe rehani na mtu yeyote, wakiwamo wadhamini wanaokiongoza. Watu wanaitumia: wanajenga, wanalima, wanachunga, wanazika wafu wao. Ila ardhi yenyewe haiendi sokoni.

Naanzia Mukaya, kwa sababu ni hapa karibu, Kaunti ya Lainya, na kwa sababu kilichotokea kule kingeweza kutokea kwenye payam yoyote, yaani tarafa yoyote, ya nchi hii.

Machi 2008 ulitiwa saini mkataba wa kukodisha ardhi. Upande mmoja ilikuwa kampuni ya Kimarekani kutoka Texas, Nile Trading and Development. Upande wa pili kilikuwa chombo kilichojiita Ushirika wa Payam ya Mukaya. Mkataba ulitoa hekta 600,000 kwa miaka 49, na ukaacha nafasi ya kuongeza nyingine 400,000. Haki zilizotolewa hazikuwa za kilimo tu. Miti ilikuwemo, madini yalikuwemo, mafuta yalikuwemo. Kodi iliyoandikwa ilikuwa pauni za Sudan 75,000, kama dola 25,000 za wakati huo. Gawanya mwenyewe: ni senti 4 za dola kwa hekta. Na hekta 600,000 ni kilomita za mraba 6,000. Payam ya Mukaya yenyewe haifikii ukubwa huo. Waliotia saini walitoa hata ardhi ambayo haikuwa ya Mukaya.

Wananchi wengi wa Mukaya walikuja kuujua mkataba huo mwaka 2011, baada ya Oakland Institute, taasisi ya utafiti ya California, kuuweka hadharani. Walikutana, wakaandika malalamiko, wakasema wazi kwamba hawakuulizwa na hawautambui. Walikuwa na haki kabisa. Lakini tujiulize jambo ambalo nadhani halijaulizwa vya kutosha: ilikuwaje watu wachache wakaweza kusimama mbele ya mgeni, wakasema "sisi ndio Mukaya", naye mgeni akakubali?

Waliweza kwa sababu Mukaya haikuwa imeandikwa popote. Jamii ilikuwepo, kila mtu pale anajua ukoo gani unaishia kwenye mto gani, na nani aombwe ruhusa kabla ya kufyeka. Ila hapakuwa na daftari linaloonyesha wanajamii ni nani, wala ramani ya mipaka yao, wala kanuni iliyoandikwa kwamba ardhi haiwezi kutolewa bila mkutano wa watu kadhaa. Jamii ilikuwa kubwa na ya kale, lakini mbele ya karatasi haikuwa na kinywa. Aliyetengeneza muhuri akawa kinywa chake.

Hilo ndilo neno langu la leo. Wakati wa vita tulikuwa na kaulimbiu, ardhi ni ya jamii, na watu walikufa wakiiamini. Mimi naiamini mpaka sasa. Lakini ardhi ya jamii isiyo na daftari ni ya yule mwenye kalamu.

Mtaniambia Mukaya ilitangulia sheria. Ni kweli. Sheria ya Ardhi ilipitishwa mwaka 2009, na ni sheria nzuri kuliko watu wanavyoidhania. Inasema ardhi ni ya wananchi wa nchi hii, na inaigawa katika ardhi ya umma, ya jamii na ya binafsi. Inataka jamii zishauriwe kabla ardhi yao haijapewa mwekezaji, na eneo linalozidi feddan 250 haliwezi kutolewa na viongozi wa kimila peke yao. Lazima wizara husika ya jimbo iidhinishe. Inaunda Mamlaka za Ardhi za Kaunti na Mabaraza ya Ardhi ya Payam. Inampa mwanamke haki ya kumiliki na kurithi. Lakini sheria inayosema "jamii ishauriwe" inahitaji jamii inayoweza kupatikana. Afisa mwenye haraka atamwita sultani mmoja, yaani chifu wa kimila, na wazee wanne, wapige picha, ajaze fomu, na kwenye faili itasomeka kwamba jamii imeshauriwa.

Sasa tuje hapa mtaani. Najua swali lililo vichwani mwa wengi wenu: habari za Mukaya zina uhusiano gani na Hai Mauna? Kule kuna ukoo na msitu. Hapa tumechanganyika. Kwenye mstari mmoja wa nyumba utamkuta Mkuku aliyerudi kutoka Uganda, Mdinka aliyekimbia vita, Mzande, Mmoru, mfanyabiashara wa Kikongo, dereva wa boda aliyejifunza Kiswahili Nairobi. Jamii ni nani hapo?

Sheria yenyewe imejibu, na nawaomba mlishike jibu hilo kwa mikono miwili. Inasema ardhi ya jamii hushikwa na jamii zinazotambulika kwa msingi wa kabila, makazi au maslahi. Makazi! Watu wanaokaa mahali pamoja, wanaochota kisima kimoja na kuvuka khor moja, yaani kijito cha msimu, wanaweza kuwa jamii hata kama hawana babu mmoja. Kwa mji kama Juba neno hilo moja lina thamani kuliko hotuba nyingi.

Nalisema kwa adabu mbele ya wenyeji wetu Wabari, kwa sababu ardhi ya Juba ina wenyewe, na Bari wana monyekak, mwenye jukumu la ardhi, tangu kabla ya ofisi yoyote kujengwa hapa. Wabari wameona mji ukiwafuata mpaka mlangoni. Sensa ya 2008 iliwahesabu watu 368,436 katika Kaunti nzima ya Juba, na tangu hapo mji umeendelea kutanuka kila upande. Mvutano wa ardhi ulifika mahali ambapo Septemba 2011, miezi miwili tu baada ya uhuru, baraza la mawaziri liliamua makao makuu ya nchi yahamishiwe Ramciel. Bado tuko hapa, na mvutano uko hapa pia. Kwa hiyo mtaa ukitaka kuandika ardhi yake ya pamoja, Wabari wenyeji wawe mezani tangu siku ya kwanza, si kama mashahidi wa kuja kubariki, bali kama wadhamini. Amana inayoanza kwa kumruka mwenyeji itaishia mahakamani, au pabaya zaidi.

Wazo la kuifunga ardhi isiuzwe si geni kwetu Afrika Mashariki. Waislamu mlioko hapa mnaujua wakfu. Kutoka Lamu mpaka Mombasa na Unguja, watu wa pwani kwa karne nyingi wameweka mashamba, nyumba na visima wakfu: mali hiyo haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na faida yake inakwenda msikitini, kwa maskini au kwa kizazi kilichotajwa. Anayesimamia wakfu ni mtumishi wa masharti, hana mali pale. Wazungu nao wana vyama vyao. Kule Massachusetts, Marekani, kimoja kilianzishwa mwaka 1891 kwa ajili ya kushika maeneo mazuri ya asili kwa niaba ya umma, na mfano wake ukafuatwa Uingereza mwaka 1895. Lakini mfano unaotufaa sisi haukutoka kwa matajiri waliotaka mandhari. Ulitoka Georgia mwaka 1969, kwa wakulima weusi waliofukuzwa mashambani walipodai haki ya kupiga kura. Charles Sherrod, Slater King na wenzao walianzisha New Communities, wakanunua ekari zipatazo 5,700, ardhi ikiwa ya wote na kila familia ikiwa na haki ya kuitumia. Wakaipoteza mwaka 1985. Ukame uliwapiga, mikopo ya dharura ikacheleweshwa kwa ubaguzi, na madeni yakaimeza ardhi. Serikali ya Marekani ilikuja kuwalipa fidia mwaka 2009, lakini mashamba yalikuwa yamekwenda. Ndiyo maana nimetaja rehani tangu mwanzo. Ardhi ya pamoja hailindwi na nia njema ikiwa hati yake iko kwenye kabati la mkopeshaji.

Mfano ninaotaka tuukalie ni wa Voi, kwa sababu ule ni mtaa kama huu. Voi iko Taita-Taveta, Kenya, pale reli ya Mombasa na Nairobi inapoachana na tawi la kwenda Taveta. Pembeni ya mji kulikuwa na mtaa wa watu maskini uitwao Tanzania-Bondeni: maelfu ya watu, nyumba za udongo, hakuna barabara ya maana, hakuna hati hata moja. Ardhi kwenye makaratasi ilikuwa ya wengine: sehemu ya shirika la reli, sehemu ya shamba la katani, sehemu ya serikali. Kuanzia mwaka 1991, chini ya mradi wa miji midogo uliosaidiwa na Wajerumani kupitia shirika lao la GTZ, mtaa ule ulipangwa upya. Mahali pengi mradi wa namna hiyo humaliza kazi kwa kumpa kila mtu karatasi yake. Voi waliwaeleza wakazi njia mbalimbali, ikiwamo hati ya mtu mmoja mmoja, wakawaacha wabishane.

Wakabishana kweli. Hoja iliyoshinda ilitoka kwa watu waliokwisha kuona mambo: tukipewa hati kila mtu yake, mwenye shida atauza kwa mwenye pesa, mwenye pesa atapangisha, na sisi tutahamia pembeni zaidi tukaanze mtaa mwingine wa vibanda. Wakachagua amana ya ardhi. Waliunda vyombo viwili. Kimoja kilikuwa chama cha wakazi, ambamo kila mkazi ni mwanachama, kinachoendesha mambo ya kila siku. Kingine kilikuwa amana yenyewe, yenye wadhamini, inayoshika ardhi. Nyumba ni yako. Ukitaka kuondoka uuze nyumba, mabati yako, milango yako, jasho lako. Kiwanja huuzi. Na kabla hujamuuzia mtu wa nje, chama kinapewa nafasi ya kwanza kununua. Asiyekaa pale hawezi kumiliki pale.

Sitawapaka rangi. Voi walihangaika. Sheria za Kenya za wakati ule hazikuwa na kitu cha namna hiyo, ikabidi wanasheria waunganishe vipande vya sheria tofauti: chama kisajiliwe kwa sheria moja, wadhamini kwa nyingine. Upimaji, ramani, vibali, hati kuu, kila hatua ilikuwa na ofisi yake na foleni yake. Miaka ikapita. Watu waliopiga kura wakiwa vijana wakaanza kuchoka, na sauti za kutaka hati ya mtu mmoja mmoja zikarudi. Mfano ule haukuenea Kenya kama waanzilishi walivyotarajia. Lakini nikitazama yote hayo bado nasema kitu cha thamani zaidi walichokifanya ni yale mabishano. Watu waliojadili wenyewe kwa nini kiwanja kisiuzwe wanaijua kanuni hiyo, hata yule anayeipinga.

Kenya ilikuja kujifunza kitu, kwa kuchelewa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka kila jamii iwe na daftari la wanachama, mkutano mkuu, na kamati iliyochaguliwa. Ardhi haiwezi kutolewa moja kwa moja mpaka theluthi mbili ya wanachama watu wazima walioandikishwa wakubali. Iwekeni sheria hiyo kando ya mkataba wa Mukaya mtaona ninachokisema. Mgeni wa Texas angelazimika kukusanya theluthi mbili ya watu wazima wa payam nzima, kwa majina, mchana kweupe.

Tanzania ilikuwa na bahati ambayo sisi hatukuipata: kijiji chao ni chombo cha kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inakabidhi usimamizi kwa halmashauri ya kijiji, na juu yake uko mkutano mkuu wa wanakijiji wote. Hapo ndipo Ujamaa Community Resource Team, shirika la kaskazini mwa Tanzania, lilipoona mlango. Hati ya haki miliki ya kimila ilikuwa ikitolewa kwa mtu mmoja mmoja. Wao wakasema kikundi kizima nacho kinaweza kupewa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wawindaji na waokota mizizi waliokuwa wakipokonywa ardhi na kila anayekuja na jembe au ng'ombe, walipata hati ya pamoja ya hekta zinazozidi 20,000. Edward Loure, mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016.

Wahadzabe hawakupanda mti hata mmoja ili wasifiwe kwa uhifadhi. Walichohitaji ni msitu ubaki, kwa sababu asali iko pale, mizizi iko pale, wanyama wako pale. Hati ikawapa nguvu ya kusema hapana. Baadaye mauzo ya hewa ya kaboni kupitia Carbon Tanzania yakawaletea fedha za karo, matibabu na mishahara ya walinzi wao wenyewe. Angalieni mpangilio: hati kwanza, fedha baadaye. Pale fedha zilipotangulia, mambo yaliharibika. Kaskazini mwa Kenya, hifadhi za jamii zilizoanzishwa chini ya mwavuli wa Northern Rangelands Trust zimesifiwa sana duniani, na baadhi zimefanya kazi njema. Hata hivyo Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba mbili kati yake, mojawapo ikiwa Biliqo Bulesa, zilianzishwa kinyume cha katiba, bila wananchi kushirikishwa inavyopasa. Wafugaji ndio waliokwenda mahakamani. Uhifadhi ukiletwa na mfadhili kabla jamii haijakubaliana yenyewe kwa yenyewe, utaitwa wa jamii kwenye ubao wa barabarani, na wachungaji wataujua kwa jina jingine.

Nawaambia haya kwa sababu wafadhili wanakuja, na wana sababu nzuri. Juni 2024 yalitangazwa matokeo ya sensa ya angani iliyofanyika mwaka uliotangulia kati ya mbuga za Boma na Bandingilo na maeneo ya jirani: swala karibu milioni 6 wanahama pale, wengi wao kobu wenye masikio meupe. Inaaminika kuwa ndio uhamaji mkubwa kuliko wote wa mamalia wa nchi kavu duniani. Wanyama hao hawajui mpaka wa mbuga. Sehemu kubwa ya njia yao iko kwenye ardhi ya watu, Wamurle, Wamundari, Wabari na wengine, nayo mbuga bila ardhi hiyo ni kisiwa tu. Kwa hiyo zitakuja semina, zitakuja fulana zenye maandishi. Jamii ambazo zitakuwa zimekwisha kujiandika zitakaa mezani. Nyingine zitaandikwa na mtu mwingine.

Basi Hai Mauna ianzie wapi? Mimi nasema msianze na viwanja vya kukaa. Huko kuna madaraja ya viwanja, kuna karatasi mbili na tatu za kiwanja kimoja, kuna watu wenye bunduki, na kamati changa ikiingia huko itavunjika kabla haijapata muhuri. Anzeni na ardhi ambayo kila mtu anaitumia na hakuna anayeisemea: kingo za khor, kisima, uwanja wa mpira, makaburi, eneo la shule. Hizo ndizo zinazoliwa kimyakimya. Mtu anaweka nguzo nne na turubali kwenye ukingo wa khor wakati wa kiangazi. Mwezi wa pili turubali limekuwa mabati. Mwaka unaofuata kuna ukuta. Mvua zikija, maji yaliyokuwa na njia yake hayana njia, yanaingia jikoni kwa jirani wa upande wa pili, ambaye hakuulizwa chochote. Kila mmoja wenu anaijua nyumba ninayoizungumzia, kwa sababu kila mtaa wa Juba unayo.

Halafu kuna miti. Juba inapika kwa mkaa, na magunia yanaingia mjini kila siku kwa malori na boda kutoka barabara zote. Hatuwezi kumlaumu anayepika. Lakini mtaa wenye ukingo wa khor ulioandikwa unaweza kuuotesha miti, na miti hiyo ikawa na mwenyewe wa kumkemea mwenye panga.

Na Jebel Kujur, mlima unaoonekana kutoka pande zote za mji. Chini yake wanawake wanakaa juani wakipasua mawe kwa nyundo, kipande juu ya jiwe jingine, mpaka yawe kokoto za kujaza karai, na karai zijaze lori la mjenzi. Vidole vyao vinajulikana kwa makovu. Nasikia watu wakisema mlima unaliwa, na ni kweli unaliwa. Ila sitakubali uhifadhi unaoanza kwa kumfukuza mama yule na kumwacha mwenye lori. Kama siku moja itakuwepo amana ya kulinda mlima ule, jina la mama yule liwe kwenye daftari kama mtumiaji, eneo la kuchimba liwekwe mipaka, bei ya karai ijadiliwe, na sehemu ya mlima isiguswe kabisa. Mtu akiwa ndani ya kanuni atailinda. Ukimtupa nje atarudi usiku.

Juu ya daftari lenyewe nina neno moja kwa wanaume wenzangu. Mmezoea kuandika jina la baba mwenye nyumba. Katika nchi iliyopigana kama yetu, nyumba nyingi zinaendeshwa na mama, na nyingine zina mume aliye mbali. Kila mtu mzima aandikwe kwa jina lake, mke na mume kila mmoja mstari wake, na kila mstari ni kura moja. Sheria ya 2009 iko upande wa akina mama. Daftari la mtaa lisiwe nyuma ya sheria.

Kuna atakayeniuliza: sisi ni maskini, ardhi ndiyo mali pekee, nawe unataka tuifunge tusiweze kuiuza mtoto akiugua? Swali hilo ni la haki. Ndiyo maana nimesema tusianze na viwanja vyenu vya kukaa. Ukingo wa khor hukuwa nao wa kuuza. Anayeuuza ni mwingine, na pesa hazifiki kwako. Siku mtaa utakapotaka kwenda mbali zaidi, kama Voi, mjadiliane kama Voi, kwa muda mrefu kadiri inavyohitajika, na atakayekataa asilazimishwe. Mkataba wa amani wa 2018 uliagiza sera ya ardhi na Sheria ya Ardhi vijadiliwe upya kitaifa. Mtaa utakaofika kwenye mjadala huo na daftari, ramani na kanuni zilizokwisha kutumika utasikilizwa kuliko mtaa utakaofika na malalamiko.

Limebaki jambo moja ambalo Voi hawawezi kutufundisha, na naomba ndilo tuanze nalo kwenye maswali. Kanuni yao ilisema asiyekaa hapa hamiliki hapa. Iliwalinda dhidi ya walanguzi. Kwetu kanuni hiyo ingewaumiza watu wetu wenyewe. Waliokimbia mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016 wako ukimbizini: wako Bidi Bidi, wako Rhino Camp, wako Kakuma. Sheria ya 2009 iliwafikiria waliokimbia tangu Mei 16, 1983, ikawapa miaka 3 ya kudai. Waliokimbia baadaye hawakuwa wamefikiriwa na mtu. Tukiandika daftari la waliopo tu, tutakuwa tumemalizia kwa kalamu kazi iliyoanzwa na bunduki.

Maoni yangu ni kwamba daftari liwe na sehemu mbili, na ile ya wasiokuwepo iandikwe kwanza, wakati majirani bado wanakumbuka: jina la mtu, alikaa upande gani, alipakana na nani, ndugu gani anajua alipo. Jina hilo lisifutwe bila mkutano mkuu na bila ndugu zake kupewa taarifa. Mipaka ya muda wa kungoja, na kama aliyeko mbali apige kura kwa simu au kwa mwakilishi, hayo ni yenu kuamua. Nimeona watu wenye akili wakitofautiana juu yake. Wazee wanaokumbuka majina wako humu ndani sasa hivi. Karani akitoa daftari, wanaweza kuanza.